Inchi Moja ya Kupindia

"Kitanda kipo, shuka lipo, hata kikombe cha uji kipo," wifi alisema kabla hajavuka kizingiti. "Mwenye mguu hayupo."

Mama Vifungo alikuwa na sindano midomoni. Aliitoa taratibu, akaichomeka kwenye ukosi wa gauni, mahali alipokuwa akichomeka sindano tangu aolewe, ndipo akauliza.

"Hayupo, kaenda wapi?"

"Ningejua alikokwenda ningekuja kwako nahema hivi? Ningemfuata huko huko nikamzaba kibao."

Wifi alikuwa dada mkubwa wa mumewe, dobi wa hospitali kwa miaka kumi na minane, mwanamke mwenye mikono iliyochujuliwa na sabuni na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Kitanda hicho alikitafuta yeye. Wiki tatu alifua mapazia ya nyumbani kwa muuguzi mkuu bila hata asante, akiyarudisha yamepigwa pasi na kukunjwa kama barua, mpaka siku moja yule mkubwa akasema kwa upande wa mdomo, "Haya, mlete huyo mdogo wako Ijumaa." Ijumaa yenyewe ndiyo leo. Upasuaji kesho asubuhi, saa moja kamili. Na sasa ilikuwa saa nne usiku, na mgonjwa amekuwa moshi.

"Mahali pake nimelaza mfuko wa mashuka machafu," wifi aliendelea, akijipepea kwa upande wa khanga. "Nimeufunika blanketi hadi juu. Kwa mbali ni mtu. Kwa karibu ni mfuko. Sista wa zamu anapita kitanda kwa kitanda saa sita. Akikuta mfuko, kitanda kinakwenda kwa mwingine, na sisi tunarudi mkiani mwa foleni. Mkia una wiki sita."

Wiki sita. Mama Vifungo hakuhitaji kuhesabiwa. Daktari alikwisha kuwaambia, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi: "Leo nakata kwenye muundi. Mkichelewa nakata juu ya goti. Mkichelewa tena, sikati kitu." Sukari ilikuwa imeula mguu wa kushoto wa mumewe polepole, kama panya anavyokula gunia, upande usioonekana kwanza. Mume alikuwa ameingiwa na pini unyayoni akashona nayo siku mbili nzima bila kujua. Pini ikaleta kidonda, kidonda kikaleta harufu, na harufu ikawafukuza wateja wenye adabu, wale wanaosema "nitapita kesho" na wasipite.

Macho ya Mama Vifungo yalikwenda kwenye msumari ulio juu ya cherehani. Msumari ulikuwa mtupu. Palikuwa mahali pa vile viatu vyembamba vya mumewe, vya soli iliyolika kama kaki.

"Wifi, leo Ijumaa ya ngapi?"

"Ya mwisho wa mwezi. Kwa nini?"

"Basi hajapotea." Alisimama, akafunga duka kwa kufuli moja badala ya mawili. "Kaenda kwenye makelele."

Makelele yenyewe ulikuwa muziki wa metali, ule mkali kabisa, ambao mtaa mzima uliujua kwa kuusikia na hakuna aliyeuelewa. Mumewe, Fundi, alikuwa mpiga dramu wake, na vile viatu ndivyo alivyokanyagia ngoma. Mtu mzima, miaka arobaini na tisa, kipara, miwani ya kamba. Miaka mitatu nyuma, mwalimu mmoja wa chekechea alikuja kupunguziwa suruali, akasimama kwenye mlango akisikiliza miguu ya Fundi kwenye kanyagio la cherehani, trrrrr, pindo la pazia la mita nane bila kupumzika. Akasema, "Mzee, hiyo kasi umeitoa wapi? Sisi tumetafuta miguu kama hiyo nchi nzima." Basi. Watu wengine huharibiwa na pombe, wengine na siasa. Yeye aliharibiwa na sifa ya miguu. Mtaani wakamwita Fundi Radi, na mkewe akawa anashona vifungo kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi peke yake, akiapa kwamba hatakanyaga kule hata afe.

Alipanda pikipiki ya kukodi, yeye katikati, wifi nyuma, na mwenye pikipiki akasema wazi kwamba kwa mzigo kama ule angepaswa kutoza nauli ya lori.

*

Ukumbi zamani ulikuwa ghala la magodoro. Mwenye nyumba alipofilisika, magodoro mabovu aliyagongomea ukutani yasije yakamgharimu hata kuyatupa, na hivyo ndivyo mji ulivyopata chumba kinachomeza sauti. Ukiwa nje ulisikia tu kitu kama mashine ya kusaga inayosaga mawe mbali sana, na vioo vya madirisha ya jirani vikitetemeka kidogo, kwa woga.

Mlangoni baunsa alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, kalamu ya wino mzito sikioni.

"Kiingilio, mama zangu."

"Hatukuja kucheza," wifi alisema. "Tunamfuata mgonjwa."

"Humu ndani wote wagonjwa. Kiingilio."

"Wewe kijana, unanijua mimi?"

"Sikujui, shangazi, ndiyo maana nakutoza. Ningekujua ningekuingiza bure nikafukuzwa kazi."

Mama Vifungo alifungua fundo la khanga. Zilikuwa fedha za kurudia nyumbani, na alizitoa bila kuzitazama, kama mtu anayetoa jino. Baunsa akazipokea, akamshika mkono, akamchorea nyuma ya kiganja mistari miwili iliyokatana. Kisha akamchorea wifi.

"Hee!" Wifi aliutazama mkono wake chini ya taa. "Unajua umeniandika nini? Kule dobini, shuka tukilichora hivi maana yake limechakaa, lichanwe matambara. Umenifanya tambara!"

"Kwangu maana yake umelipa, shangazi. Kila mlango na maana yake."

Mama Vifungo hakucheka. Alikuwa akiutazama mkono wake, na mistari ile miwili ilikuwa ikimtazama naye. Kwao dukani, alama hiyo kwa chaki ilikuwa na maana moja tu, waliyoirithi kwa fundi mzee aliyemfunza mumewe: *hapa pazima, usiguse, usikate.* Pa kukata panapigwa mstari mmoja ulionyooka. Mistari iliyokatana ni amani. Mkasi ukiuona unapita mbali.

"Wifi," alisema. "Ile kalamu ya dobini niliyokuomba jana."

"Ya kuandikia nguo zake zisiibiwe. Enhe?"

"Sikuandikia nguo."

Jana jioni Fundi alikuwa ameketi juu ya meza ya kukatia, miguu ikining'inia, akamwambia: mteja kanisimulia mtu aliyelala na mkono mbovu akaamka hana mzima. Mke wangu, nitilie alama. Naye, kwa mkono wake huu huu, akamchorea kwenye muundi wa kulia, muundi mzima, msalaba mkubwa wa wino wa dobi. Kisha akamvisha soksi ndefu, wauguzi wasije wakamcheka.

Wifi aliuteremsha mkono wake kutoka chini ya taa.

"Mguu wa kulia," alisema.

"Mzima."

"Na kesho anayekata si yule daktari wake. Ni mgeni. Anakuja Jumamosi tu, anamkuta mtu amelala, anauliza wapi." Wifi alilamba kidole, akasugua msalaba wa baunsa mkononi mwake. Ukatoka nusu. "Wino huu unatoka. Ule wangu hautoki. Ule tunachemsha nao mashuka miaka mitano."

Mama Vifungo alisukuma mlango.

*

Ndani palikuwa na watu kama sitini na joto la watu mia mbili. Sauti haikuingia masikioni. Iliingia tumboni, ikapanda, ikatafuta pa kutokea kwenye meno. Jukwaani, ambalo lilikuwa mbao juu ya kreti za soda, alisimama pande la mtu lililopakwa masizi usoni, likinguruma kwa sauti ya ng'ombe aliyemeza redio. Gitaa mbili zilikuwa zikikwaruza kitu kirefu kisicho na mwisho. Mbele vijana walikuwa wakikumbana, mabega kwa vifua, kama mbuzi waliofunguliwa wote kwa mpigo.

Wifi alipigwa kumbo, akaenda chini mzima mzima. Kabla Mama Vifungo hajapiga kelele, mikono kumi ilikuwa imeshamwinua, mmoja akampangusa vumbi, mwingine akamrudishia kandambili, na wa tatu, msichana mwenye pete puani, akamwekea viganja mashavuni, akamkagua macho, akampa kidole gumba kwamba yuko salama. Kisha wakarudi kukumbana.

"Hospitali nzima sijawahi kuinuliwa hivi!" wifi alipiga yowe sikioni mwa Mama Vifungo.

Nyuma kabisa, kati ya sahani za shaba, aling'aa kipara. Fundi alikuwa amevua shati. Mikono ilikuwa ikifanya yake huko juu, lakini Mama Vifungo aliitazama miguu. Aliijua miguu ile. Miaka ishirini na mbili alikuwa amekaa mkono wa kushoto wa cherehani akiisikia. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, haraka mpaka hakuna kulia wala kushoto. Ngoma kubwa ya chini ilikuwa ikipigwa na viboko viwili, kimoja kwa kila mguu, na mguu wa kushoto, ule wa kesho, ulikuwa na bendeji, na bendeji ilikuwa imeanza kuota doa la hudhurungi, na doa lilikuwa likikua.

Wimbo ukakatika ghafla, kama umeme. Mama Vifungo alikuwa amekwisha kupanda kwenye kreti.

"Shikamoo, mama," lilisema lile pande la mtu lenye masizi, kwa sauti nyororo ya kubembelezea watoto walale. Ndiye mwalimu wa chekechea. "Karibu sana. Hatukutegemea..."

"Nani kamtoa mume wangu hospitali?"

"Mimi, kwa gari yangu, mama." Alisita. "Alisema daktari kamruhusu hadi asubuhi."

"Daktari!" Alimgeukia mumewe. "Fundi, shuka. Twende."

Fundi alifuta miwani kwa kidole gumba. Hakushangaa kumwona. Alikuwa na uso wa mtoto aliyekutwa juu ya kabati lakini sukari iko mdomoni tayari.

"Mama Vifungo. Umekuja kwenye makelele."

"Nimekuja kukuchukua. Saa sita wanapita kitandani. Baada ya hapo ni goti, Fundi. Na ule msalaba niliokuchora tumeukosea. Kwao si usikate. Kila mtu anausoma kivyake, huenda kwao ndiyo kata hapa. Watakutoa mzima, wakuachie huo unaonuka."

Alitazama mguu wake wa kulia ndani ya soksi. Akaanza kucheka, kisha kicheko kikamwishia njiani.

"Yaani miguu miwili."

"Miwili."

"Unajua kwa nini nimetoroka?" Aliinama karibu, maana nyuma yao gitaa lilikuwa likitiwa sauti. "Mguu huu una miezi minane hauna habari na mimi. Nauosha kama namwosha mtu mwingine. Nauchoma sindano, haujui. Hapa tu ndipo ninapousikia. Kiboko kikigonga ngoma, mshindo unapanda kwenye mfupa, unafika hapa." Aligusa paja. "Unaniambia, bado niko. Kesho wanautupa. Nilitaka niuage ukiwa na habari na mimi. Si ukiwa umelala."

"Na sisi je? Mimi nitamuaga nani? Nimekwishalipa kiingilio, nauli ya kurudi sina, kitandani kwako kalala mfuko wa mashuka!"

"Wimbo mmoja."

"Hata nusu."

"Dakika nne, mke wangu. Baada ya hapo sitakusumbua kwa mguu huu maisha yangu yote."

Ilikuwa ni mzaha. Alipousema, midomo yake ilitetemeka, na Mama Vifungo akatazama pembeni, kwa sababu hakuwa amemwona akilia tangu mazishi ya mama yake na hakutaka kumwona mbele ya watu sitini. Saa ya mwalimu ilisema saa tano na nusu. Gari, dakika ishirini na tano.

"Dakika nne," alisema. "Nahesabu."

"Basi kaa hapa." Alimwonyesha mbele ya ngoma kubwa. "Inateleza. Kila wimbo inanikimbia, siifikii vizuri kwa huu mguu. Iegemee kwa mgongo."

Akaketi sakafuni kama mtu anayekaa kusukwa nywele, mgongo kwenye ngozi ya ngoma, uso kwa watu. Mwalimu akakishika kipaza sauti. "Huu ni wa Fundi wetu. Kaandika mwenyewe. *Vipimo!*"

Watu wakalipuka.

Ngurumo ilipoanza, mwanzoni Mama Vifungo hakushika neno. Kisha, kwa kuwa maneno yenyewe alikuwa ameyaandika mwenyewe kwenye daftari la wateja maisha yake yote, yakaanza kutokeza moja moja ndani ya ile ngurumo kama mawe ndani ya mto. Kiuno thelathini na nne. Bega kumi na nane. Mguu arobaini. Fundi alikuwa ameuandika miaka miwili nyuma, akiwa mzima, kwa mzaha, wimbo wa fundi anayepima ulimwengu ili aushonee suti. Na kila kipimo kilipotajwa, watu sitini, nyuso zimewaka jasho, walinyanyua ngumi na kuitikia kwa pamoja:

"KATA!"

Mguu arobaini. "KATA!"

Walimwitikia usoni. Hawakuwa na ubaya wowote, walikuwa wamefurahi, msichana wa pete puani alikuwa akimtabasamia yeye hasa. "KATA!" Mama Vifungo alifungua mdomo akapiga kelele "Msikate!" na hakujisikia hata yeye.

Lakini mgongoni. Mgongoni kulikuwa na jambo lingine. Viboko viwili vilikuwa vikigonga upande wa pili wa ngoma, vikiachana unene wa kidole tu, kimoja kulia kwa uti wake na kimoja kushoto, na baada ya muda aliweza kuvitenganisha kama mama anavyotenganisha hatua za watoto wake gizani. Mguu wa kulia ulikuwa mzito, wa uhakika. Wa kushoto ulikuwa ukichelewa. Unachelewa kidogo, unakimbia, unaufikia mwenzake, unachelewa tena. Alihisi kila pigo kwenye mifupa ya uti. *Bado niko. Bado niko. Bado niko.* Aliusukuma mgongo wake nyuma kwa nguvu zote, ngoma isisogee hata nywele. Aliacha kuhesabu dakika.

*

Gari la mwalimu liliwaka mara ya tano kwa kusukumwa na watu waliopakwa masizi. Walifika wodini saa sita na dakika saba. Sista wa zamu alikuwa amesimama kando ya kitanda, blanketi mkono mmoja, mkono wa pili umeshika soksi ya mtu asiyejulikana aliyoitoa kwenye mfuko.

"Hiki ndicho kitanda namba kumi na moja?" aliuliza kwa upole mbaya. "Maana naona kimelazwa taka."

"Sista, nisikilize," wifi alisema.

"Wewe dobi nitakusikiliza kwa barua. Asubuhi, mezani kwa muuguzi mkuu. Na huyu arudi alikotoka, kitanda nimekwisha kumpa mwingine. Kwanza ananuka moshi. Ametoka disko?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wameinuka kwenye viwiko. Fundi alisimama kwenye fimbo, damu ikiandika sakafuni nyuma yake herufi ndogo ndogo. Mama Vifungo alipiga magoti. Alishika upindo wa gauni jeupe la binti ambaye yeye angeweza kumzaa, akasema, "Mwanangu, nakuomba." Sista akauvuta upindo wake taratibu, kama mtu anayejinasua kwenye mwiba.

Hapo ndipo wifi alipolichukua faili miguuni pa kitanda, akalisoma kidole kwa kidole, maana shule yake ilikuwa fupi.

"Hapa pameandikwa, *miguu imekaguliwa, yote miwili.* Sahihi hii ni ya nani, sista?"

"Yangu. Kwani?"

Wifi aliinama, akaiteremsha soksi ya ndugu yake hadi kifundoni. Msalaba ukatoka mweusi, mkubwa, juu ya muundi uliokuwa mzima kama mti.

Sista aliliachia blanketi. Rangi ya uso ilimshuka kidogo kidogo.

"Ungekagua ungeuona," wifi alisema kwa sauti ya chini, ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo. "Angelala hivi, daktari wa Jumamosi angefuata alama, na sahihi ni yako. Mimi nina mfuko kitandani. Wewe una mguu. Tuandikiane barua?"

Kumbe kitanda kilikuwa bado hakijapata mtu.

Usiku ule Mama Vifungo alisugua. Alisugua kwa sabuni, kwa spiriti aliyoletewa na sista mwenyewe bila kuombwa, kwa chumvi, kwa magadi, mpaka ngozi ikawa nyekundu na mumewe akasema, "Mke wangu, ukiendelea utaukata wewe." Wino ukafifia, ukawa kijivu. Haukutoka. Dobi alikuwa amesema kweli.

*

Daktari wa Jumamosi alikuwa mfupi, mwenye haraka, na haya nyingi za mtu aliyezoea wagonjwa waliolala usingizi. Alisikiliza habari ya msalaba yote. Hakucheka.

"Sisi kwetu misalaba hatuitaki," alisema. "Kila mtu anaisoma kivyake. Andikeni maneno."

Mama Vifungo akaichukua kalamu. Juu ya msalaba uliofifia akaandika kwa herufi kubwa, kama anavyoandika jina la mteja ndani ya ukosi: MGUU MZIMA. USIKATE. Kisha daktari akamwambia, sasa ule mwingine. Akauinamia. Kalamu ikakaa hewani.

"Siwezi," alisema.

"Lete." Fundi aliinuka kitandani. Aliomba tepu ya kupimia, na mkewe akaitoa mfukoni, maana haikuwahi kutoka. Akaupima mguu wake kutoka kwenye goti kushuka, akasoma namba kwa sauti, kwa mazoea, kama vile kuna mtu wa kuiandika. Mahali daktari alipotaja, katikati ya muundi, akapiga mstari mmoja ulionyooka kuuzunguka, usio na pindo, mstari wa mtu aliyekata nguo za watu maisha yake yote.

"Mimi, daktari, nikikata naacha inchi moja ya kupindia," alisema. "Mshono usije ukavuta. Na wewe uniachie."

Daktari aliinama, akaifunua bendeji. Akabonyeza hapa na pale. Akauinusa. Kisha akaichukua kalamu mkononi mwa Fundi na kuchora mstari mwingine, vidole vitatu juu ya ule wa kwanza.

"Kwa faili la juzi ulikuwa wa mstari wako," alisema. "Hii ya jana usiku, sijui ulikuwa wapi, imekula mpaka hapa. Inchi yako nitakuachia. Lakini kwa kuhesabu kuanzia hapa."

Wifi alitazama dirishani. Mama Vifungo alitazama nafasi ile kati ya mistari miwili, upana wa vidole vitatu, na akajua ni ya nani. Dakika nne. Alikuwa amezitoa yeye, akaziegemea kwa mgongo.

"Mke wangu," Fundi alisema.

"Nyamaza."

"Uliusikia?"

Alikusudia kutojibu. Lakini walikuwa wameshaleta kitanda cha magurudumu, na watu wawili walikuwa wakimhamisha, na hapakuwa na muda wa kukasirika kwanza.

"Niliusikia," alisema. "Ulikuwa ukichelewa."

Fundi alifumba macho, akatikisa kichwa, kama fundi aliyeambiwa kasoro ambayo alikuwa akiijua.

Wakamsukuma kwenye korido ndefu, gurudumu moja likilia. Wanawake wawili walifuata nyuma, kila mmoja na alama iliyofifia kwenye mkono. Chini ya shuka, miguu ilianza. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, polepole kwanza, kisha kwa mwendo wa cherehani inayoshona pindo refu, shuka likitetemeka mpaka msukumaji akageuka akasema, "Mama, mwambie mzee atulie, karibu tunaingia."

Mama Vifungo aliuweka mkono wake juu ya shuka, upande wa kushoto. Hakumwambia kitu. Aliuacha mkono pale, ukigongwa, mpaka mlangoni.